Daktari Ajifunzie Wapi Kupasua?

Kinyozi mgeni hujifunza juu ya vichwa vya watu, na akikosea, nywele huota tena. Daktari wa upasuaji hana nafasi hiyo. Basi, yeye ajifunzie wapi? Kwa miaka mingi alimtazama mwalimu wake, kisha akashika kisu mwenyewe juu ya mgonjwa, mwalimu akiwa kando. Sisi wa Kidato cha Nne hupasua chura katika maabara. Mkono ukitetemeka, chura hana wa kumlilia, mgonjwa anaye.

Siku hizi iko njia nyingine, iitwayo uhalisia pepe. Mwanafunzi huvaa miwani mikubwa inayofunika macho. Ndani yake kila jicho huonyeshwa picha iliyotofautiana kidogo na ya jicho la pili, na ubongo huziunganisha zikawa kitu chenye kina. Akigeuza kichwa, picha nayo hugeuka. Mikononi hushika vyombo, na mashine nyingine huvifanya vizito kama kwamba vimegusa nyama. Njia iliyo karibu nayo ni uhalisia ulioongezwa: daktari humwona mgonjwa halisi, na juu yake picha ya mifupa yake. Mwaka 2020 madaktari wa Johns Hopkins, Marekani, waliitumia katika operesheni ya uti wa mgongo.

Huenda msomaji akauliza, je, mazoezi hayo yafaa kitu? Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Yale lililochapishwa mwaka 2002, madaktari wanafunzi 16 walipasua mfuko wa nyongo. Waliojizoeza kwa mashine walifanya kazi hiyo upesi zaidi kwa asilimia 29, na makosa yao yalikuwa machache.

Ushahidi wa karibu nasi haukuhitaji hata miwani. Kuanzia 2017 hadi 2019, madaktari 50 waliosomea macho katika Kenya, Tanzania, Uganda na Zimbabwe waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilijizoeza siku 5 kuondoa mtoto wa jicho kwa kutumia macho ya bandia. La pili liliendelea na mafunzo ya kawaida. Katika mwaka uliofuata, utando ulio nyuma ya lenzi ulipasuka katika operesheni 42 kati ya 537 za kundi la kwanza, lakini 54 kati ya 203 za kundi la pili. Yaani, wagonjwa 8 katika kila 100, na wengine 27.

Hapa Lagangabilili wazee wanaoongozwa kwa fimbo si wachache. Bibi yangu mzaa mama ana mtoto wa jicho naye aogopa kupasuliwa. Aliniuliza, "Mjukuu wangu, huyo daktari alijifunza kwa nani kabla yangu?" Swali lake ni la haki. Yafaa kila daktari aweze kulijibu hivi: "Bibi, nilijifunza kwa jicho lisilo na mtu."

Mashine ni ghali nazo zataka umeme. Lakini macho ya bandia yametuonyesha kwamba jambo kubwa ni zoezi kutangulia mgonjwa. Wenzangu mnaotaka udaktari, anzeni na chura wa maabara, tena kwa makini.