Makosa 36 Katika Dakika 5

*Shangazi, riziki yangu hutokana na kunukuu sauti zilizorekodiwa, kazi ninazopata mtandaoni kutoka kampuni za ng'ambo. Majuzi rafiki aliniitia kazi ya aina nyingine: kuandika papo hapo maneno ya msemaji katika warsha ya bima ya afya, maandishi yatokee kwenye skrini kwa ajili ya washiriki viziwi. Nikakubali. Msemaji alisema mwanachama "hatahitaji kulipa" kabla ya kuhudumiwa. Mimi niliandika "atahitaji kulipa". Mama mmoja alisoma hivyo, akainuka akaenda zake bila kujisajili. Niliambiwa baadaye. Sasa nimeona chuo cha mtandaoni kinachouza cheti "cha kimataifa" kwa dola 300, wiki moja tu, mtihani hakuna. Nikichukue ili nifanye kazi hii bila wasiwasi?*
*– Mnukuzi, Kisauni*

Mwanangu, dola zako zibaki mfukoni. Na kabla hatujafika kwenye vyeti, wapigie simu waandaaji leo, wamtafute mama huyo na kumweleza kilichosemwa hasa. Pengine mpaka sasa anaamini bima ile si ya watu wa kipato chake.

Cheti kisicho na mtihani hakipimi kitu, hilo unalijua, ndiyo maana umeniandikia. Basi tazama vyenye mtihani. Kule Marekani, chama cha wanukuzi wa mahakama, NCRA, kina cheti cha waandishi wa papo hapo kiitwacho CRC. Mtahiniwa huhudhuria warsha, hufanya mtihani wa maarifa, kisha huandika hotuba inayosomwa kwa kasi ya maneno 180 kwa dakika, kwa dakika 5, na usahihi wake usipungue asilimia 96. Katika kazi hii wengi hutumia mashine ya steno, ambayo vitufe vyake havizidi ishirini na ushee na hubonyezwa kadhaa kwa pamoja ili silabi nzima itoke kwa mguso mmoja. Wengine hurudia maneno ya msemaji kwa sauti ya chini ndani ya kipaza sauti kinachofunika mdomo, alama za uandishi wakizitamka, na kompyuta ikaandika.

Sasa piga hesabu. Dakika 5 kwa kasi ile ni maneno 900, kwa hiyo mtu anaweza kukosea mara 36 na bado akafaulu. Kosa lako lilikuwa moja, tena la herufi moja. Kwa kipimo hicho wewe ungefaulu na mama yule angeondoka vilevile.

Sisemi mtihani ule ni bure. Anayeshindwa kufuata kasi hiyo hana la kumpa kiziwi, na wengi wanaoitwa kwenye warsha zetu wangeshindwa. Lakini makosa hayana uzito sawa. Ndiyo maana Ulaya wapo wanaopima manukuu ya moja kwa moja ya televisheni kwa kipimo cha NER, kilichobuniwa na Pablo Romero-Fresco na Juan Martínez: kosa dogo hukatwa alama 0.25, la kawaida 0.5, na linalompa msomaji habari ya uongo hukatwa 1 nzima. Kazi inayokubalika hufikia asilimia 98. Hata hapo "atahitaji" yako ingekukata alama moja tu. Ila angalau mpimaji angeizungushia duara, na wewe ungejua kwamba Kiswahili kinaficha ukanushi mwanzoni mwa kitenzi, palepale ambapo sikio la mwandishi aliyechoka huteleza. Hilo lifanyie mazoezi kuliko kasi.

Unataka kazi hii bila wasiwasi, pengine hata wa kisheria. Sheria ya Marekani ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inadai mawasiliano yenye kufaa, na maandishi ya papo hapo yamo katika huduma zinazotambuliwa. Kanuni zake zinaeleza mkalimani wa lugha ya ishara anayefaa ni yupi, lakini mwandishi hazikumwekea maelezo ya namna hiyo, kwa hiyo vyama ndivyo vinavyoshindana kutoa vyeti. Mimi hunivutia zaidi utaratibu wa Uingereza, ambako waandishi hawa huweza kujiandikisha katika rejista ya wataalamu wa mawasiliano na viziwi, NRCPD, pamoja na wakalimani. Si lazima kujiandikisha, lakini aliyemo anafungwa na maadili ya kazi, na kiziwi aliyeandikiwa ovyo ana pa kupeleka malalamiko. Mama wa warsha yenu angeyapeleka wapi? Cheti cha wiki moja hakimjibu.

Ukitaka kusomea kazi hii, programu ya Plover ya kuandikia steno ni ya bure, na huhitaji kuanza na mashine ya bei ghali. Msamiati unaokuja nayo ni wa Kiingereza. Wa Kiswahili itakubidi uujenge mwenyewe, tena ni kazi ya miaka. Njia ya kurudia kwa sauti ni fupi zaidi, mradi kompyuta yako iwe inakielewa Kiswahili chako cha pwani. Jipime kwa rekodi ya hotuba ya bungeni, kisha mpe rafiki kiziwi matokeo ayasome, akueleze alichoelewa, bila wewe kumsaidia.

Kazi ikija tena, dai slaidi, majina na istilahi siku moja kabla. Kikao kirefu usikiandike peke yako. Muwe wawili, mmoja anaandika, mwingine anasoma skrini na kurekebisha, kisha mnabadilishana. Mkikosea, sahihisho lionekane palepale kwenye skrini. Na ukiona kasi hujaifikia, uza unachokiweza kwa jina lake: katika vyuo vya Marekani kuna huduma kama C-Print na TypeWell, ambazo mwandishi hutoa maana kamili ya somo bila kudaka kila neno, na mwanafunzi anajua hivyo tangu mwanzo. Waambie waandaaji hivyohivyo, kwa maandishi, kabla hamjapatana bei.