Kompyuta na Hesabu ya Kura: Mfano wa Kenya

Watu wengi hudhani kwamba nchi itumiapo kompyuta katika uchaguzi, mashine ndiyo huhesabu kura. Nchini Kenya sivyo ilivyo. Mpiga kura hutambuliwa kwa alama za vidole, lakini kura hupigwa kwa karatasi, na karatasi hizo huhesabiwa kwa mkono kituoni, mbele ya mawakala wa wagombea. Kazi kubwa ya kompyuta huanza baada ya hapo, nayo ni kusafirisha matokeo.

1. Safari ya matokeo

Kura za urais zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo huandika matokeo katika Fomu 34A. Mawakala hutia sahihi, na nakala hubandikwa mlangoni. Kisha msimamizi huipiga fomu picha kwa chombo kidogo kiitwacho KIEMS. Chombo hicho huigeuza picha kuwa mfululizo wa tarakimu, na tarakimu hizo hupelekwa kwa mtandao wa simu hadi kwenye kompyuta kuu za Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Huko hugeuzwa tena kuwa picha. Fomu yenyewe hufuata nyuma kwa njia ya kawaida. Hivyo, mtu akiibadili njiani, picha iliyotangulia humshuhudia.

2. Funzo la miaka ya 2013 na 2017

Mwaka 2013 mitambo ya kupeleka matokeo ilikwama, ikalazimu karatasi zitegemewe peke yake. Mwaka 2017 vituo vilikuwa 40,883, na zaidi ya 11,000 kati ya hivyo vilikuwa mahali pasipo na mtandao wa kutosha. Jumla za kura zilitangazwa upesi, lakini picha za fomu nyingi zilikuwa hazijaonekana. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, ilibatilisha uchaguzi wa rais kwa uamuzi wa majaji 4 dhidi ya 2. Miongoni mwa sababu ni kwamba matokeo hayakupelekwa kama sheria ilivyotaka. Funzo lake ni dhahiri: tarakimu isiyo na hati ni dai tu, hata ikitoka kwenye kompyuta.

3. Raia kuwa mkaguzi

Katika uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, vituo vilikuwa zaidi ya 46,000. Safari hii Tume iliziweka picha za Fomu 34A katika intaneti, kila mtu azisome na kujumlisha mwenyewe. Vyombo vya habari vilifanya hivyo, na kwa muda jumla zao zilitofautiana, kwa kuwa kila kimoja kilianza na fomu tofauti. Matokeo yalipingwa mahakamani, na tarehe 5 Septemba majaji wote waliyathibitisha.

Mkaguzi anaweza kusaidiwa na kanuni moja ya hesabu. Tuseme fomu inaonyesha kura 312, lakini orodha ya jumla inaonyesha 321. Tofauti ni 9. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 daima, kwa sababu (10a + b) − (10b + a) = 9(a − b). Tofauti ya namna hiyo huashiria kosa la kunakili, ingawa haithibitishi kuwa ndilo lililotokea.

4. Mpaka wa mashine

Picha huonyesha kilichoandikwa. Haiwezi kujua kama kilichoandikwa ni kweli. Wakala akisinzia kituoni, kamera itapeleka uongo kwa uaminifu uleule inaopeleka kweli. Kwa hiyo kompyuta haikumwondolea raia wajibu wake, bali imempa nafasi ya kuhakiki kazi ambayo zamani ilifanywa mbali na macho yake.

Maswali

1. Kwa nini nakala ya fomu hubandikwa mlangoni ingawa picha yake imekwisha kupelekwa?
2. Orodha yaonyesha 574 na fomu yaonyesha 547. Je, kosa la kunakili lawezekana? Eleza.
3. Jadilini: kati ya upesi wa matokeo na uwezekano wa kuyahakiki, lipi lina uzito zaidi?