Chunusi: Ijue ngozi yako kabla ya kununua dawa

Hapa Kizingo na Mji wa Kale wengi wanaomwendea daktari kwa ajili ya chunusi huwa wamekwisha kujaribu krimu tatu au nne. Moja walipewa na shoga yao, ya pili waliiona kwa jirani, na ya tatu waliuziwa kikopo kisicho na jina. Leo tutazame chunusi hutokana na nini, na vipi mtu achague dawa inayomfaa.

Chunusi hutokana na nini?

Ndani ya ngozi mna vifuko vidogo vinavyotoa mafuta ya kuilainisha. Kijana anapobaleghe, homoni huvifanya vifuko hivyo vitoe mafuta mengi zaidi. Mafuta hayo huchanganyika na seli zilizokufa na kuziba vitundu vya vinyweleo. Bakteria wanaoishi kwenye ngozi huzaana humo ndani, na mahali pale huvimba na hata kutunga usaha.

Kwa hivyo chunusi si dalili ya uchafu wala ya damu mbaya. Kuusugua uso kwa dodoki au kwa sabuni kali huzidisha uvimbe. Wanaojipaka mafuta ya nazi kichwani nao wajihadhari, kwani kwa joto letu hili la Mombasa mafuta huteremka na jasho hadi kwenye paji la uso na kuziba vitundu. Liwa na singo havina ubaya kwa mwili wa bi arusi, lakini uso wenye chunusi zilizoiva usisuguliwe.

Dawa gani kwa chunusi gani?

Simama mbele ya kioo penye mwanga, ujitazame vizuri.

1. Ukiona vipele vidogo vyeusi au vyeupe visivyouma, tatizo lako kubwa ni kuziba kwa vitundu. Dawa yake ni adapalini ya asilimia 0.1. Pakaa usiku, kiasi cha punje moja ya njegere kwa uso mzima. Mjamzito asiitumie.

2. Ukiona vipele vilivyovimba, vinavyouma au vyenye usaha, inafaa benzoili peroksidi. Anza na ya asilimia 2.5, kwani ile kali zaidi huwasha zaidi na mara nyingi haiponyeshi zaidi. Angalia nguo zako: dawa hii hutoa rangi ya leso, buibui na foronya. Wengi hufaidika kwa kuitumia pamoja na adapalini.

Daktari anaweza kukuongezea antibiotiki, kama klindamisini ya kupaka au doksisaiklini ya kumeza. Usijinunulie mwenyewe. Antibiotiki ikitumiwa peke yake, au kwa miezi mingi, bakteria huizoea na isifanye kazi tena. Doksisaiklini haifai kwa wajawazito wala watoto wadogo.

3. Ukiona vinundu vikubwa vya ndani, au makovu yameanza, usipoteze wakati kwa krimu za dukani. Nenda kwa daktari, kwa sababu kovu likishaingia ni vigumu kulitoa. Kuna vidonge vya isotretinoini vyenye nguvu sana, lakini humharibu mtoto aliye tumboni. Mwanamke hapewi mpaka ithibitishwe kuwa hana mimba, na ni lazima ajizuie kushika mimba wakati wote wa dawa na mwezi mmoja baadaye.

Na madoa meusi?

Kwa ngozi zetu nyeusi, doa linalobaki ndilo huudhi kuliko chunusi yenyewe. Doa hilo hufifia lenyewe kwa miezi kadhaa, mradi usibinye vipele na ujikinge na jua. Asidi azelaiki hutibu chunusi na kupunguza madoa pia, na mjamzito anaweza kuitumia kwa ushauri wa daktari.

Hatari ya krimu za kujichubua

Hapa ndipo penye madhara makubwa. Kuna krimu zinazouzwa kama dawa ya chunusi na huku ndani zina steroidi kali kama klobetasoli. Siku chache za mwanzo uso hung'aa, kwa sababu steroidi hutuliza uvimbe upesi. Baada ya miezi ngozi huwa nyembamba, mishipa huonekana, nywele huota mashavuni, na chunusi hurudi kwa wingi kuliko mwanzo. Nyingine zina zebaki, ambayo hupenya ngozini na kudhuru figo.

Serikali ya Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni mwaka wa 1998, na Mkataba wa Minamata wa 2013 ukayafanya mapambano dhidi ya zebaki kuwa ya dunia nzima. Hata hivyo bidhaa hizo bado hupatikana. Krimu isiyo na orodha ya vitu vilivyomo usiiguse. Ukiwa na shaka, ipeleke kwa mfamasia akusomee. Na kama umetumia krimu kama hiyo kwa miezi, mwone daktari akuonyeshe namna ya kuiacha, kwani uso unaweza kuvimba vibaya unapoacha ghafla.

Subira na utaratibu

Dawa ya chunusi huhitaji wiki 8 hadi 12 kuonyesha matokeo. Wiki za mwanzo ngozi inaweza kukauka na kubambuka kidogo. Hapo wengi huitupa dawa nzuri na kukimbilia nyingine, wakarudi mwanzo. Ikikukera, pakaa siku moja na uache siku moja mpaka ngozi izoee.

Osha uso mara mbili kwa siku kwa sabuni laini. Dawa ipakwe eneo zima lenye chunusi, isiwe juu ya kipele peke yake, kwani kazi yake ni kuzuia vipya visitoke. Miezi mitatu ikipita bila nafuu, au chunusi zikikufanya uone haya kutoka nje, mwendee daktari. Wahenga walisema mwenye pupa hadiriki kula tamu, na kwa chunusi neno hilo ni kweli kabisa.