Kabla Hujaikata Hedi: Mafunzo Niliyopata kwenye V8 za Pontiac

Najua unachotaka. Umepata Pontiac GTO ya 1968, injini yake ya inchi za ujazo 400 bado imo, na zile nguvu farasi 350 za kiwandani hazikutoshi. Swali ni kama uzichokoe hedi, na kwa kiasi gani. Nimezeeka nikifungua injini hizi huku Michigan, kwa hiyo nisikilize kabla hujashika grainda.

1. Soma chuma kwanza

Juu ya matundu ya katikati ya eksosi kuna namba iliyosubiwa pamoja na hedi yenyewe. Kwa GTO nyingi za 1968 utakuta 16. Kuna pia herufi na tarakimu za tarehe ya kusubu: A ni Januari, B ni Februari, na kuendelea.

Mteja mmoja alituletea gari akiwa ameshaamua hedi zichongwe. Tulipozisugua kwa brashi ya waya, namba na tarehe zikalingana na za bloku, na bloku ni ileile iliyotoka na gari kiwandani. Alizitazama kwa muda, kisha akasema tuzisafishe tu na kuzifunga zilivyo. Nilimheshimu sana siku ile. Gari lenye injini yake halisi lina bei yake, na chuma kilichosagwa hakirudi. Kama hedi zako zimetoka kwenye gari jingine, una uhuru mkubwa zaidi.

2. Mgandamizo upime mwenyewe

Hapa ndipo nilipopata mshangao wangu mkubwa. Kiwanda kiliandika 10.75 kwa 1. Nilipoanza kupima, injini baada ya injini zilikuwa chini ya hapo.

Upimaji wenyewe ni wa subira. Unaipindua hedi, valvu zikiwa zimepakwa grisi kidogo ili zisivuje na plagi ikiwa imefungwa. Unafunika chumba cha mwako kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu, kisha unadondosha maji ya rangi kutoka kwenye bureti. Povu la mwisho linazungukazunguka chini ya plastiki kabla halijakubali kutoka. Likitoka, unasoma kipimo. Hedi namba 16 huwa karibu na sentimita za ujazo 72. Ongeza nafasi ya gasketi, vijibonde vya pistoni na pengo linalobaki juu yake, tuseme 18, unapata 90. Pistoni moja ya injini hii husukuma 819. Jumlisha 819 na 90, gawa kwa 90: ni 10.1.

Na hiyo 10.1 bado ni nyingi kwa hedi ya chuma na petroli ya pampu ya leo. Karibu kila Agosti, tangu 1995, barabara ya Woodward huku Michigan hujaa magari ya zamani yakitambaa juani. Injini ikishapata joto na dereva akakanyaga kutoka kwenye taa, utasikia mlio kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Hapo mchanganyiko unalipuka ovyo badala ya kuungua kwa mpangilio, na milipuko hiyo huweza kutoboa pistoni. Kwa hiyo anayekuambia uskimu hedi hizi ili upate nguvu anakuzidishia tatizo: chumba kinapungua, mgandamizo unapanda, na kwenye V8 hata matundu ya bolti za manifoldi yanaanza kukataa kukutana.

Kuna shimo upande wa pili pia. Kuanzia modeli za 1971, General Motors ilishusha mgandamizo ili injini zake zikubali petroli yenye risasi kidogo. Hedi za 6X za miaka iliyofuata zina vyumba vinavyokaribia 100. Zifunge kwenye 400 hiyohiyo utapata karibu 8 kwa 1, na gari litakuwa zito kuondoka. Edelbrock wanatengeneza hedi za alumini za Pontiac zenye vyumba vya 72 au 87. Alumini huondoa joto haraka, kwa hiyo huvumilia mgandamizo ambao ungeleta kelele kwenye chuma.

3. Viti vya valvu visikutie hofu

Risasi iliyokuwamo kwenye petroli ilikinga viti vya valvu za eksosi. Marekani iliipiga marufuku kwa magari ya barabarani mwaka 1996, na Afrika kusini mwa Sahara ikaachana nayo kufikia 2006, kwa hiyo mafundi wa Nairobi na Dar wanalijua suala hili vizuri. Gari la kukimbizwa muda mrefu, au la kuvuta mzigo, liwekee pete ngumu. La matembezi ya Jumapili lipime kwanza. Kutoboa ili kupachika pete kunapunguza ukuta unaotenganisha kiti na maji, na kama kiti hakijazama, huna sababu ya kuugusa.

4. Upepo haujali mng'aro

Kijana mmoja karakanani aling'arisha njia za hewa mpaka ukaweza kujitazama humo. Tukaifunga hedi kwenye mashine ya kupima upepo: karibu hakuna kilichobadilika. Kisha tukalainisha ukingo mdogo uliobaki chini ya kiti cha valvu, pale njia inapokunja, na kipimo kikapanda palepale. Kazi ya maana iko sentimita chache kutoka kwenye valvu. Ukipanua mdomo wa njia unaweza kukutana na maji bila kupata chochote.

Piga hesabu nzima pia: valvu, springi, miongozo ya valvu, viti, saa za fundi. Mara nyingi jumla inasogelea bei ya hedi mpya za alumini. Tena kama kemshafti na mabomba ya eksosi ni yaleyale ya kiwandani, njia pana haitakuwa na pa kupeleka hewa yake.

Ndiyo maana mwenye GTO halisi anayetaka nguvu namshauri anunue alumini. Zile za chuma zipake mafuta, zifunge kwa nailoni, uandike ipi ya kushoto na ipi ya kulia, na vipimo vya vyumba uviweke pamoja na kadi ya gari. Siku ukiuza, mnunuzi atakuuliza hedi zake ziko wapi.