Kujitayarisha Kuishi Ugenini: Mafunzo Kutoka Milima ya Upare

Ndugu msomaji, kusafiri ni jambo moja, na kufika ni jambo jingine. Gari laweza kumfikisha mtu Same kwa siku moja, lakini moyo wake huchukua miezi mingi kufika. Somo letu lahusu safari hiyo ya pili, ambayo watu wengi hupelekwa bila kutayarishwa. Lamhusu mwalimu na mwuguzi wanaopangiwa kazi mbali na kwao, mwanafunzi aendaye ng'ambo, na mbashiri atumwaye kwa watu asiowajua. Tena lamhusu mtu aliyeingia katika dini mpya, hata kama hajatoka kijijini kwake.

Hali yenye jina

Wataalamu huiita hali hii mshtuko wa utamaduni. Aliyelieneza jina hilo ni Kalervo Oberg, mzaliwa wa Kanada, ambaye katika miaka ya 1930 alifanya utafiti katika ufalme wa Ankole, Uganda. Mwaka 1954, akihutubia mjini Rio de Janeiro, alieleza kwamba mgeni huumia kwa kuwa amepotelewa na alama ndogo ndogo zinazoongoza maisha ya kila siku: namna ya kuamkia, namna ya kukataa mwaliko bila kumwudhi mtu, na jinsi ya kupambanua mzaha na kweli. Nyumbani mtu huyajua haya bila kufikiri. Ugenini huyatafuta asiyapate, naye huchoka bila kujua kilichomchosha.

Oberg alitaja hatua nne. Kwanza ni furaha ya ugeni, ambapo kila kitu chapendeza. Pili ni uchungu na lawama. Tatu ni nafuu, mtu aanzapo kuelewa lugha na kujicheka mwenyewe. Nne ni mazoea, ambapo desturi za wenyeji huwa njia nyingine ya kuishi, si kasoro tena.

Tuchukue mfano wa mwalimu kijana kutoka Lindi aliyepangiwa shule ya Mbaga. Mji wa Same umo katika tambarare kavu, kando ya reli itokayo Tanga kwenda Moshi. Lakini apandapo milimani, ambako kilele cha Shengena chafikia mita 2,463, hukuta ukungu na baridi. Alizoea samaki na wali wa nazi. Sasa ameandaliwa makande. Majirani husema naye Kiswahili, lakini wao kwa wao husema Chasu, yaani Kipare. Majuma ya kwanza hustaajabia uzuri wa milima. Mwezi wa tatu, watu wakicheka kwa Chasu, hudhani wamcheka yeye. Ndipo aanzapo kusema, "Watu hawa!" Neno hilo ndilo dalili. Asipokuwa ameonywa mapema, atadhani kwamba ama yeye ni dhaifu, ama wenyeji ni wabaya. Wala si hili wala si lile. Yuko katika hatua ya pili tu, na hatua ya pili hupita.

Utani si elimu

Wageni wengi hufika Upare wakiwa na akiba ya utani peke yake. Wamesikia kwamba Mpare ni bahili, na kwamba yu tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Utani una mahali pake baina ya watani, lakini amfanyaye jirani yake kuwa kichekesho hawezi kumfahamu.

Mgeni huyo na aende akaitazame ndiva, yaani bwawa dogo la jadi ambalo hukusanya maji ya kijito usiku, kisha hufunguliwa ili maji yashuke mashambani kwa zamu. Mifereji yake husafishwa kwa kazi ya pamoja iitwayo msaragambo. Akiona jinsi zamu inavyolindwa, ataelewa kwamba mahali ambapo maji hugawanywa kwa kipimo, haki ndogo si ndogo. Na akishika jembe siku ya msaragambo, atajifunza katika asubuhi moja mengi kuliko atakayojifunza akiwa barazani mwezi mzima.

Hata serikali yaweza kuwa mgeni asiyejitayarisha. Katika miaka ya 1940, utawala wa Kiingereza ulianzisha Upare kodi iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu, ukaipa jina la mbiru, lililokuwa jina la ushuru wa jadi. Watawala waliliazima neno, lakini hawakuazima maana yake. Mwaka 1945 maelfu ya wananchi walikusanyika Same, makao ya wilaya, wakaikataa, na hatimaye kodi hiyo iliondolewa. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliiandika habari hiyo katika kijitabu kilichochapishwa mwaka 1971. Funzo lake ni wazi: kulijua neno la wenyeji si kuwajua wenyeji.

Lugha ni mlango tu

Haifai kupuuza lugha. Wamisionari Wasabato kutoka Ujerumani walifika Upare ya Kusini mwaka 1903, na kufikia mwaka 1909 mmoja wao, Ernst Kotz, alikuwa amekwisha kuchapisha sarufi ya Chasu. Hiyo ni juhudi ya kusifiwa, nasi tusione haya kujifunza bidii kwa watu wa dini nyingine. Hata hivyo, mwaka 1922 alipotoa kitabu juu ya mila za Wapare, alikipa jina lenye maana ya kuwa katika kifungo cha hofu. Bila shaka hofu ilikuwako, kama ilivyo katika kila kabila. Lakini jamii iliyogawana maji kwa zamu haikuwa na hofu peke yake. Basi lugha humfikisha mtu mlangoni. Uadilifu ndio umwingizao ndani.

Msingi na desturi

Sasa twafikia kiini cha somo. Mtu atashikaje yaliyo yake bila kuwadharau wenyeji, na atawaheshimuje wenyeji bila kujipoteza? Tuangalie Waislamu wa kwanza waliohamia Uhabeshi mwaka 615. Kabla hawajaondoka, Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaeleza habari ya nchi waendayo, kwamba ina mfalme ambaye kwake hakuna adhulumiwaye. Hayo ndiyo matayarisho: msafiri apewe habari za kweli, si za kumtisha wala za kumlaghai.

Hadhrat Jafar bin Abi Talib r.a. aliposimamishwa mbele ya Najashi, imepokewa kwamba hakumsujudia, kwa kuwa sijida ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Huo ulikuwa msingi. Lakini alisema kwa adabu, akajieleza kwa upole, akaishi na Wahabeshi kwa amani zaidi ya miaka 10, hadi mwaka 628. Hakuwataka wawe Waarabu.

Basi kabla ya kusafiri, andika orodha mbili. Katika ya kwanza weka yale usiyoweza kuyaacha kwa sababu ni amri ya Mungu. Katika ya pili weka yale uliyoyazoea tu: chakula, mavazi, saa ya kulala, namna ya kuongea. Utashangaa kuona orodha ya kwanza ni fupi, na ya pili ni ndefu. Mshtuko mwingi hutoka katika orodha ya pili, lakini sisi huutetea kana kwamba umetoka katika ya kwanza.

Baada ya hapo, fanya haya. Jifunze maamkizi kabla ya kujifunza hoja. Mchague mwenyeji mmoja mwaminifu, umwombe akusahihishe bila kuona haya. Uliza "kwa nini?" kabla ya kusema "vibaya". Usijifungie na watu wa kwenu peke yao, kwani hapo lawama hupata wasikilizaji. Na ujue kwamba hata siku ya kurudi nyumbani utashtuka tena, kwa kuwa wewe umebadilika, na nyumbani pia pamebadilika.

Wajibu wa wenyeji

Nasi tulio wenyeji tuna sehemu yetu. Mtu aliyeingia katika jamaa yetu jana hajui mahali pa kuketi, wala maneno tunayojibizana. Wengi waliorudi nyuma hawakushindwa na hoja. Walikaa peke yao siku nyingi mno. Wahenga wamesema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni ambaye hakumkaribisha.

Mwenyezi Mungu, aliyewajaalia watu kuwa mataifa na makabila ili wapate kujuana, atupe subira tuwapo wageni, na ukarimu tuwapo wenyeji. Amin.