Kifua cha Kuku: Mafunzo Niliyopata Tenke

1. Usiku ndio wakati wa kupima. Mchana malori ya shaba na kobalti yanapita barabarani, na kuku nao wanagombania chakula, husikii kitu. Mimi huingia bandani giza likishashika, kuku wametulia, nikasimama kimya bila taa. Wagonjwa hujitaja wenyewe: huyu anakoroma, yule anapiga chafya. Ndipo nawasha tochi, namkamata anayekoroma na kuweka sikio mgongoni pake, kati ya mabawa. Kamasi ikiwa kwenye njia ya hewa, utaisikia ikichemka kwa kila pumzi.

2. Si kila kifua ni vumbi. Kiangazi, hasa Juni na Julai, usiku wa huku ni baridi. Watu huziba madirisha ya banda kwa mifuko, na harufu kali ya mavi inababua koo la kuku. Kweli, harufu hiyo na vumbi jekundu hufungulia ugonjwa njia. Lakini vumbi halivimbishi uso. Uvimbe chini ya jicho, kamasi inayonuka, na banda zima kuugua ndani ya siku chache: nashuku mafua makali, yaani bakteria Avibacterium paragallinarum. Ukiona povu kwenye kona ya jicho na ugonjwa unakwenda polepole, fikiria Mycoplasma gallisepticum. Huyu hupitia hata kwenye yai hadi kwa kifaranga, kwa hiyo siku zote nauliza vifaranga vilitoka kwa nani.

3. Sampuli kwanza, dawa baadaye. Hapa ndipo panaponiuma. Watu wanamimina antibiotiki kwenye maji asubuhi, halafu mchana wanataka maabara iwape jibu. Bakteria zilizokwisha kudhoofishwa hazioti. Chukua kamasi kwa pamba safi kutoka kwa kuku aliyeanza kuugua jana au leo, si aliyekonda kwa wiki kadhaa, uiweke kwenye barafu, ifike Lubumbashi upesi. Chuo kikuu cha huko kina kitivo cha tiba ya mifugo. Kubahatisha ni ghali: Mycoplasma haina ukuta wa seli, na penisilini huua kwa kuvuruga ukuta huo. Utanunua chupa baada ya chupa, kuku wakorome vilevile.

4. Vifo vingi vya ghafla, shingo kupinda, kuhara kijani: huenda ni Newcastle, ugonjwa wa virusi. Namwita daktari wa mifugo siku hiyohiyo, na hakuna kuku anayetoka bandani kwenda soko la Fungurume.