Kabla Hujatuma Arbuni: Adabu ya Kuuza na Kununua kwa Matangazo ya Mtandaoni

"Bado iko?"

Ukiweka tangazo leo Facebook, Jiji au kwenye grupu la WhatsApp la soko lenu, hilo ndilo neno la kwanza utakalopokea. La pili ni "last price?" Salamu hakuna. Muuzaji naye anajibu "njoo inbox", bei ameificha, na picha aliyoweka ni ya mtandaoni, si ya kitu chenyewe. Hapo hakuna aliyeiba chochote, lakini hawa wawili tayari wanashukiana, na baada ya dakika chache mmoja ataombwa atume pesa.

Tuchukue mfano. Uko Masara, huku Suna Magharibi, na unauza pampu ya maji ya petroli iliyotumika. Kwenye migodi ya dhahabu pampu ni kitu cha maana, kwa sababu shimo likijaa maji hakuna kazi. Umeandika sh. 14,000. Mtu wa Homa Bay anaitaka ya kunyunyizia sukuma wiki. Kutoka kwake hadi kwako ni kupitia Rongo, kisha Migori, kisha boda. Nauli ya kwenda na kurudi si mchezo, kwa hivyo hataki kufika akute imeuzwa. Wewe nawe hutaki kumfukuza mteja wa hapo jirani kwa ajili ya mtu ambaye huenda asije. Hapa ndipo neno arbuni linapoingia, na ndipo pesa nyingi hupotelea.

Arbuni si kosa. Wazee wetu walishika ng'ombe sokoni kwa pesa kidogo na neno la mdomo. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wamemwona ng'ombe. Kwa hivyo mnunuzi akisema "nipigie video call uiwashe nisikie mlio wake", usikasirike. Hajakuita mwizi. Iwashe, mwonyeshe ile sehemu yenye kutu, mwambie imetumika muda gani na kwa nini unaiuza. Kasoro ukiisema mapema inakupunguzia bei kidogo. Akiigundua mwenyewe baada ya safari ya saa tatu, umepoteza mteja, na grupu lote litasikia.

Mkikubaliana arbuni, iwe ndogo, na masharti yaandikwe kwenye meseji kabla pesa haijatumwa. Kitu kama hiki kinatosha: "Habari yako ndugu. Nakutumia 1,000 unishikie pampu hadi Jumamosi saa kumi jioni. Nikikosa kuja ni yako. Ukiiuza kabla ya hapo unanirudishia yote." Mwingine ajibu: "Sawa, nimekubali." Baada ya hapo, akitokea mtu na sh. 16,000 mkononi, jibu ni "imeshikwa". Inauma, lakini ndiyo maana ya kupokea arbuni.

Sasa jina. Unapotuma pesa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla muamala haujakamilika. Lisome! Kama umeongea na mama mmoja siku mbili nzima na jina linalotokea ni la mwanamume usiyemjua, simama kwanza uulize. Kwa upande wa muuzaji, adabu ni kutangulia kusema: "Namba hii imesajiliwa kwa jina la mume wangu, ni fulani." Sentensi moja tu. Anayekuja juu kwa kuulizwa jina, sisi tungemwacha na pampu yake.

Muuzaji pia ana hofu zake, na mara nyingi tunazisahau. Meseji ya kuonyesha umelipwa inaweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye simu. Ya kweli ya M-Pesa huingia kwa jina MPESA, si kwa namba ya kawaida. Hata hivyo angalia salio lako kabla hujafungua mkono. Mnunuzi mwenye adabu husubiri hapo hapo bila kununa. Na ukiambiwa "nimetuma zaidi kimakosa, nirudishie elfu mbili", usitume kitu. Mwambie aombe kampuni imrudishie. Kwa M-Pesa, aliyekosea hupeleka meseji nzima ya muamala kwa 456. Huduma hiyo ni ya aliyekosea namba. Kubeba mzigo wa mtu kisha kuomba pesa zirudishwe ukiwa njiani ni wizi, hata kama simu ilikuruhusu kubonyeza. Lakini fahamu hili: pesa zikishatolewa na mpokeaji, kuzipata tena ni kazi ngumu.

Kwa simu na pikipiki, mambo ni mazito zaidi. Kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kujua, ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Kwa hivyo kuomba logbook, risiti au boksi la simu si dharau. Boxer ya bei ya kutupa isiyo na karatasi, iache ilipo.

Neno kuhusu kukaa kimya. Mchimbaji akiwa shimoni hana mtandao kwa saa nyingi, kwa hivyo usimtumie "???" kumi ukadhani amekutoroka. Lakini akipanda juu ajibu, hata kama ni kusema "nimebadili nia". Na pampu ikishauzwa, toa tangazo. Kuna mtu Ndhiwa anahesabu nauli saa hii.

Siku ya kukabidhiana, kutaneni mchana penye watu: stendi, petroli stesheni, mbele ya duka la wakala. Mnunuzi awashe mashine mwenyewe, aridhike, kisha atume salio la 13,000 muuzaji akiwa amesimama hapo. Muuzaji asubiri meseji, aangalie salio, ndipo pampu ipandishwe kwenye boda.